Daftari la michango: shajara ya mradi wa ramani huru, Nyanda za Juu Kusini

Shajara hii inafuata kazi moja ndani ya mradi wa ramani: namna ya kuwatambua wanaojitolea bila kumsukuma pembeni yule anayeonekana mara mbili kwa mwaka. Ramani yenyewe ni OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na wanaojitolea, na eneo ni Iringa, Njombe na Mbeya. Kinachokusanywa ni vijito, vituo vya kuchotea maji, njia za miguu, zahanati, na barabara zinazokatika wakati wa mvua.

Kanuni ni moja, na yote yanayofuata ni utekelezaji wake: shukrani hazina tarehe ya kuisha, funguo zinayo. Anayeshukuriwa leo atabaki ameshukuriwa hata akipotea miaka mitano. Anayeshika nywila ya seva lazima aulizwe kila baada ya muda kama bado anaihitaji. Jumuiya nyingi huchanganya haya mawili, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Oktoba, kabla ya mvua

Jedwali la vinara limeshushwa ukutani. Lilikuwa linahesabu changeseti, yaani mafurushi ya mabadiliko ambayo kila mchangiaji hupakia. Sifa ya kipimo hicho ni moja tu: kinapatikana kirahisi. StreetComplete, programu ya simu, hufungua changeseti tofauti kwa kila aina ya swali. Mtu aliyejibu maswali ya lami, ya paa na ya saa za kufungua duka katika matembezi ya jioni moja ana changeseti tatu. Anayetumia JOSM, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, anaweza kupakia nyumba elfu moja, kazi ya wiki nzima, kwa changeseti moja, maana ukomo wa furushi ni mabadiliko 10,000. Ukiwapanga hao wawili, wa jioni moja anamzidi wa wiki nzima mara tatu.

Ukihesabu vitu badala ya mafurushi, upendeleo unahamia upande wa pili. Nyumba ya pembe nne ni nodi 4, yaani nukta za pembeni, na mstari 1 unaoziunganisha, jumla vitu 5. Nyumba 200 zilizochorwa kutoka picha ya satelaiti, mchoraji akiwa ameketi Mwanjelwa na chai pembeni, ni vitu 1,000. Majina 12 ya vijito yaliyokusanywa kwa mguu Makete na kuwekwa kwenye mistari iliyokwisha kuchorwa ni mabadiliko 12. Muuguzi wa chanjo aliyeelekezwa "ukivuka kijito fulani kata kulia" anayahitaji yale 12 kuliko zile 1,000, lakini jedwali halina habari hiyo.

Kuhesabu siku ni afadhali. Taasisi ya OpenStreetMap hutoa uanachama bila ada kwa mtu aliyechangia walau siku 42 ndani ya siku 365, na imewaachia mlango wanaochangia kwa njia nyingine zisizoonekana kwenye ramani. Kwa kazi yake kipimo hicho kinafaa. Huku kinakwama kwenye mtandao: mtu wa Ludewa anaweza kukusanya mwezi mzima simu ikiwa haina mtandao, akapakia vyote siku ya gulio alipopata mnara. Kwenye hesabu hiyo ni siku moja. Tena saa za OpenStreetMap ni za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Anayengoja bando la usiku na kupakia kati ya saa 6 na saa 9 usiku kazi yake inaandikwa kwenye tarehe ya jana.

Hata ngazi za Tasking Manager, ile programu ya kugawana viwanja vya kuchora, kwa miaka mingi zilipangwa hivyo hivyo: changeseti 250 kufika ngazi ya kati, 500 kufika ya juu. Ngazi hizo zinasaidia kujua nani apewe kiwanja kigumu. Ziache hapo hapo. Zikibandikwa ukutani zinageuka daraja la utu.

Haya hayana maana kwamba kutambua watu ni kupoteza muda. Mwaka 2012 watafiti Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichapisha jaribio lao kwenye Wikipedia ya Kiingereza: waliwagawia nyota za pongezi, kwa bahati nasibu, baadhi ya wahariri wa asilimia moja ya juu, na uzalishaji wa waliopewa ukapanda kwa takriban asilimia 60 ukilinganisha na wasiopewa. Mtafiti mwingine, Jana Gallus, alifanya jaribio kwenye Wikipedia ya Kijerumani kwa wahariri wapya, tuzo ikiwa ni alama tu isiyo na senti. Idadi ya wapya walioendelea kuhariri ilipanda kwa asilimia 20. Tunachokichukua hapo ni kwamba alama ndogo inamshika mgeni vizuri, kwa hiyo haina sababu ya kufungiwa juu ya ngazi.

Novemba

Skripti, yaani programu fupi, ya kukusanya michango ya ramani imeandikwa upya, na lililotusumbua zaidi ni namna ya kuwapata watu. Njia ya kawaida ni kutafuta changeseti zenye alama ya reli (#) ya mradi kwenye maelezo. StreetComplete hujiandikia maelezo yenyewe; mtumiaji hana pa kuweka alama hiyo. Kwa hiyo utafutaji wa alama ya reli unawakosa karibu wote wanaochangia kwa simu peke yake, na huku wenye simu peke yake ndio watu wa vijijini. Ubaguzi umeingia kwenye mstari wa kwanza wa skripti, kabla mtu yeyote hajakusudia ubaya.

Sasa tunatafuta kwa kisanduku cha mipaka: digrii 33 hadi 36.5 mashariki, 7.3 hadi 10.6 kusini. Kisanduku nacho kina vituko vyake. API, mlango ambao skripti huombea data za OpenStreetMap, hurudisha kila changeseti ambayo mipaka yake inagusana na kisanduku, kwa hiyo mtu aliyerekebisha kitu Nairobi na kingine Cape Town kwa furushi moja anaonekana kama kapita Mafinga. Tunazitupa changeseti zote ambazo upande mmoja unazidi nusu digrii, kisha zile zilizotupwa zinapitiwa kwa macho, maana wapo wachangiaji wetu wanaochora Tunduma asubuhi na Makambako jioni bila kufunga furushi. API hurudisha changeseti 100 kwa ombi moja tu. Ukisahau kurudi nyuma kwa tarehe unapata wa juzi juzi peke yao, na wa zamani wanafutika kimya kimya.

Mambo mawili madogo yenye uzito. Mtu anatambuliwa kwa namba ya akaunti, si kwa jina la mtumiaji, kwa sababu jina linaweza kubadilishwa na namba haibadiliki. Pia skripti inasoma mijadala chini ya changeseti, maana mkaguzi anayeandika "hii njia haipitiki tangu daraja liondoke" amechangia bila kugusa ramani.

Skripti haitoi idadi. Inatoa namba ya akaunti, aina ya kazi na kata ilikofanyika. Anayetaka idadi yake mwenyewe anaweza kuitazama kwenye ukurasa wake. Hailetwi mbele za watu.

Desemba

Watu wako mashambani. Hakuna kilichofungwa, hakuna aliyeulizwa yuko wapi. Tumeandika kwenye utaratibu kwamba Novemba hadi Januari hakuna tuzo, hakuna kura wala mwisho wa kutuma chochote. "Mchangiaji wa mwezi" katika msimu wa kupanda mahindi atakuwa mwanafunzi wa chuo au mwenye mshahara mjini, kila mwaka, na hatakuwa amemshinda mtu bali kalenda.

Januari

Kauntabuku la kwaya tatu, jalada gumu. Kompyuta haitoshi kwa sababu sehemu kubwa ya michango haipiti kwenye kompyuta: mzee anayetaja majina ya vilima, mwendesha boda anayesubiri saa mbili bila kudai, mwalimu anayefungua darasa Jumamosi, anayechaji simu za watu kumi kwa sola yake, anayepika, anayeripoti kwamba zahanati imehamia ng'ambo ya barabara. Safu ni sita: tarehe ya kazi, jina ambalo mhusika anataka litumike, kazi aliyofanya, kata na kitongoji, aliyethibitisha, na ridhaa. Safu ya kiasi haipo. Mstari mmoja unasomeka hivi:

"14/1. Mama Neema. Alitaja majina ya vijito vitatu na kutuonyesha kivuko cha kiangazi. Kata, kitongoji. Amethibitisha: balozi. Ridhaa: jina ndiyo, picha hapana, mtandaoni ndiyo."

Tarehe ni ya kazi, si ya siku ilipoandikwa, ili aliyefanya Januari na kuandikwa Juni asionekane kama amechelewa. Anayethibitisha hapimi thamani. Anasema tu kwamba jambo lilifanyika. Ukimruhusu apime, atapunguza mistari ya wapishi na kuongeza ya wapwa zake. Mwenyekiti wa kitongoji akisaini "wananchi wote", mstari unaingia kama ulivyo, "wakazi wa kitongoji fulani", na chini yake majina ya wale waliokubali kutajwa.

Kazi ngumu ni kupata mistari hiyo. Ukiuliza kikaoni "nani amechangia?" unapata kimya, au unapata vijana watatu wale wale. Mtu mzima aliyelelewa vizuri hajisifu mbele za watu. Swali linalofanya kazi ni hili: "Nani alikusaidia ambaye hayupo hapa?" Liulizwe dakika tano kabla ya kufunga, katibu akiwa tayari na kalamu, na liulizwe kabla ya chai. Baada ya chai kila mtu anawahi Hiace na hupati kitu. Majibu huja kwa vitendo zaidi kuliko majina ("yule dada aliyetukopesha ngazi"), kwa hiyo mstari unaandikwa na jina linaachwa wazi mpaka mhusika apatikane na kuulizwa.

Ridhaa si adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia orodha za namna hii. Tunasoma maneno yale yale kwa sauti kwa kila mtu: jina lako lipi tutumie, tuliweke ubaoni, mtandaoni, au lisitoke nje ya daftari, picha tunaruhusiwa, na unaweza kubadili uamuzi siku yoyote. Akibadili, jina linafunikwa na neno "mchangiaji" na mstari unabaki. Kwa watoto tunaandika klabu ya shule. Jina la mtoto haliandikwi bila saini ya mzazi au mlezi.

Jina la mtu haliwekwi kabisa ndani ya ramani yenyewe. Kwenye chanzo cha taarifa tunaandika kwamba imepimwa uwandani au ni ufahamu wa wenyeji, basi. Historia ya OpenStreetMap iko wazi kwa dunia nzima: ukiandika jina la bibi wa watu kwenye kijito, hata ukilifuta kesho, toleo la jana bado linasomeka.

Kitu kimoja kuhusu majina ya vijito, kwa sababu kinagusa haki ya kutambuliwa. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Kipengere kwenda bonde la Usangu yanaweza kuwa na jina moja kwa walio juu na jingine kwa walio chini. Ramani ina nafasi ya jina kuu na nafasi ya jina mbadala. Waliotaja jina lililoingia kwenye nafasi ya pili wana mstari sawasawa na wa kwanza, na hata jina ambalo halikuingia kabisa kwa kukosa uthibitisho lina mstari wake. Mtu alitoa anachokijua. Uamuzi wa mhariri haugeuzi alichotoa kuwa si kitu.

Machi

Mpangilio wa orodha ulichukua muda kuliko tulivyotarajia, na haikuwa bure. Kupanga kwa wingi wa kazi ni jedwali la vinara limerudi kwa mlango wa jikoni. Kupanga kwa tarehe ya mchango wa kwanza kunawaweka waasisi juu milele. Kupanga kwa alfabeti ya ubini kuna kichekesho chake huku: ukifika Rungwe na Kyela orodha inakuwa ukuta wa majina yanayoanza na Mwa-, na jicho linashindwa kumpata mtu wake.

Tumeamua kupanga kwa kata ambako kazi ilifanyika, na ndani ya kata kwa herufi ya jina la kwanza. Mtu aliyefanya kazi kata tatu anaonekana mara tatu, na hakuna anayelalamika kwa kuwa kila kata inasoma sehemu yake. Faida nyingine ni kwamba kata yenye majina mawili haionekani ndogo kama ingekuwa kwenye orodha ndefu; ina kichwa chake cha habari kama nyingine.

Mzee, Mama, Mwalimu, Mchungaji: mhusika akitaka viandikwe vinaandikwa, na kompyuta inaviruka wakati wa kupanga. Kuwavua watu wazima heshima zao kwa jina la usawa kungeleta matata kuliko usawa wenyewe. Wenye majina yanayofanana wanatofautishwa kwa kitongoji. Namba ya simu haitumiki kutofautisha watu, hata tarakimu nne za mwisho. Maandishi ni ya ukubwa mmoja, hakuna wino mzito kwa yeyote.

Na kuna maneno mawili yamepigwa marufuku kwenye kila tangazo letu: "na wengineo". Ukichunguza walioko ndani ya "na wengineo" kwenye shughuli yoyote utakuta ni wale wale: dereva, mpishi, aliyeonyesha njia. Nafasi ikiwa ndogo, tunataja kazi zote bila jina hata moja na kuelekeza watu kwenye daftari.

Aprili

Funguo. Maana yake ni nywila ya seva ya fomu za uwandani, uadmini wa viwanja vya kuchora, uadmini wa grupu la WhatsApp, laini ya simu inayopokea michango ya fedha, na kabati la tableti.

Wikipedia ya Kiingereza ina utaratibu wa kuigwa hapa: tangu 2011 mkabidhi, yaani admini wa Wikipedia, aliyekaa mwaka mzima bila kitendo chochote anaondolewa zana zake kwa sababu za usalama, bila lawama, na akirudi ndani ya muda uliowekwa anaweza kuziomba tena. Akaunti iliyolala ndiyo anayoitafuta mwizi. Kwetu muda ni mfupi zaidi. Kila siku 180 mshika ufunguo anapata meseji ya kawaida: "Ufunguo huu bado unauhitaji?" Asipojibu ndani ya siku 30 unasimamishwa, haufutwi. Akirudi, mtu mmoja mwenye ufunguo anathibitisha kwa kumpigia simu na kusikia sauti yake, unarudishwa siku hiyo hiyo. Meseji haitaji neno "uanachama" hata kidogo, kwa sababu haihusiani nao.

Kila ufunguo una washikaji wasiopungua watatu, kutoka wilaya zisizopungua mbili. Wakitoka wilaya moja, mvua moja inayokata barabara na umeme inawafungia wote nje kwa pamoja.

Mei

Kura na akidi. Kila mwenye mstari kwenye daftari, hata mmoja, hata wa miaka iliyopita, anapiga kura. Hoja ya kwamba "hawajui kinachoendelea" inatolewa mara nyingi na wale ambao hawajawaeleza. Debian, mradi wa programu huria, ulilazimika kulishughulikia jambo hili kwa kura ya wote mwaka 2010, ukakubali kuwapokea kama wanachama kamili watu ambao hawatengenezi vifurushi vya programu bali wanatafsiri, wanaandika nyaraka na kazi nyingine. Jumuiya ya mafundi ikiweza kumpa mtafsiri kura, ya ramani haina sababu ya kumnyima anayejua majina ya mito.

Ila kuna mtego wa hesabu. Daftari halipungui kamwe, kwa hiyo akidi ikiwekwa kama sehemu ya waliomo, mfano theluthi moja, itafika mwaka ambao haifikiwi tena, na mtu atapendekeza "tuwaondoe wasiohudhuria". Hapo shukrani imegeuzwa mzigo. Akidi kwetu ni idadi isiyobadilika: watu 15 waliojibu, kutoka kata zisizopungua 4. Tangazo linatoka siku 14 kabla, kwa njia tatu: grupu, meseji ya kawaida kwa wenye kiswaswadu, na karatasi kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Jibu kwa meseji ni jibu. Pingamizi moja lenye sababu linalofika kabla ya siku ya 14 linaahirisha jambo hadi kikao kijacho, ili asiye na bando asishtukie limepita.

Juni, baridi kali

Vitu vya mkononi. Fulana tumeziacha. Zikichapwa 40 na watu wako 60, umewatambua 40 na kuwaambia 20 jambo jingine, na size zinazobaki ni zile ambazo hakuna wa kuzivaa. Wenye kumbukumbu ya Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, wanajua upande wake wa pili: mwaka 2020 ahadi ya fulana kwa marekebisho manne iliwafurika watunza programu huria na marekebisho ya ovyo, mpaka waandaaji wakabadili utaratibu siku chache tu baada ya kuanza, wakahesabu tu miradi iliyoomba kushiriki. Zawadi yenye kizingiti huzaa kazi ya kuvuka kizingiti.

Nauli na bando vinarudishwa kwa risiti au kwa kiwango kilichobandikwa, sawa kwa kila mtu, na havitajwi kama shukrani. Tofauti hiyo ilindwe sana. Mara nauli inapoanza kuitwa posho, wasiopata watasema wao si watu wa mradi, na watakuwa wameelewa vizuri.

Cheti ni habari nyingine, kwa sababu kijana anayetafuta kazi anakihitaji kweli. Kinatolewa kwa kila anayeomba mwenye mstari daftarini. Hakuna idadi ya chini. Tofauti kati ya wa siku moja na wa miaka mitatu inajisema yenyewe ndani ya maneno, kwa kuwa hatuandiki "ameshiriki kikamilifu", sentensi ambayo mwajiri ameshaisoma mara elfu. Tunaandika kazi: "Alipima vituo vya kuchotea maji kata fulani kwa simu na fomu ya KoboToolbox, alikagua majina ya njia na mwenyekiti wa kitongoji, mistari ya daftari namba fulani." Mwajiri akitaka anapiga simu na kusomewa mstari. Karatasi ni A4 ya kawaida, wino mweusi, saini mbili, na muhuri. Cheti bila muhuri nchi hii ni barua ya mapenzi.

Julai

Grupu la WhatsApp. Kuna desturi ya "kusafisha grupu": admini anatangaza kila anayetaka kubaki aandike "nipo", na wasioandika wanatolewa usiku. Kwetu hilo halifanyiki. Grupu linabeba watu 1,024, hatujakaribia, kwa hiyo hakuna sababu ya kiufundi. Na anayesoma bila kuandika ana kazi: ndiye anayemwambia jirani kwamba wapimaji wanakuja Jumanne wasiogopwe.

Maneno nayo yamewekwa sawa kwenye nyaraka. Hatuandiki "wanachama hai" na "wasio hai", maana asiye hai ana maana yake inayojulikana. Tunaandika "wachangiaji", na pale panapohitajika kujua nani apangiwe kazi wiki hii, "waliopo wiki hii".

Shukrani za kila siku kwenye grupu zina utaratibu mwepesi: kazi kwanza, mahali, kisha jina. "Kivuko cha kiangazi kimeingia kwenye ramani, Kilolo, asante Mwalimu kwa kukihakiki." Ukianza na jina, wengine wanasoma jina na kuacha, ukianza na kazi, mwenye kazi kama hiyo kwake anajua naye anaweza.

Agosti

Orodha ya kwanza imechapwa na kubandikwa. Itatoka mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Mei, mvua zikiisha, na mwisho wa Oktoba kabla hazijaanza, hii ya Agosti ni ya majaribio. Nakala moja kwa kila ofisi ya kijiji iliyokubali, ikiwa imelaminetiwa, kwa kuwa ukungu wa Mufindi na Tukuyu unaimaliza karatasi tupu upesi. Pembeni ya kila nakala kuna penseli iliyofungwa kwa kamba na karatasi yenye kichwa "Aliyesahaulika". Siku 30 za kusahihisha, kisha mistari mipya inaingia daftarini kwa tarehe ya kazi, ikitanguliwa na uthibitisho na ridhaa kama kawaida. Karatasi ile ndiyo inayoleta wapishi na waendesha boda ambao swali la kikaoni liliwakosa.

Makosa yanayojirudia kwenye masahihisho: herufi za majina (l na r, b na v), kitongoji kilichogawanywa na jina la zamani kubaki, na mtu kuwekwa kata anayoishi badala ya kata alikofanya kazi. La mwisho linahitaji kusomwa mstari kwa mstari. Kompyuta haiwezi kuliona.

Lililobaki ni simu ya pamoja. Familia au kikundi kinashika simu janja moja, akaunti moja, na kazi yote inaingia kwa jina la mwenye simu, ambaye mara nyingi ni mwanaume na mara nyingi siye aliyetembea. Kwenye fomu ya uwandani limeongezwa swali la kwanza kabisa: "Nani ameshika simu sasa hivi?" Jibu ni maandishi huru, hata jina la utani, na linafutwa kwenye data baada ya kuhamishiwa daftarini kwa ridhaa. Swali hilo haliingii ndani ya StreetComplete, kwa hiyo huko tunategemea kikaratasi cha zamu kinachokaa ndani ya kava la simu: saa, jina, saa, jina. Toleo hilo la fomu litapimwa Kilolo na Busokelo Septemba, kabla watu hawajaanza kuandaa mashamba.